Mkono wa Mrushaji: Urithi wa Kale na Hesabu ya Kuutumia

Katika mchezo wa besiboli, mrushaji husimama juu ya tuta lenye kimo cha sentimita 25, akitengwa na kibao cha mpigaji kwa masafa ya mita 18.44, na mpira wenye uzito wa gramu 145 hivi, utokapo mkononi mwake kwa mwendo wa kilomita 150 kwa saa, huyakata masafa hayo kwa muda usiotimia nusu ya sekunde. Watazamaji aghalabu humstaajabia kwa misuli yake, lakini wataalamu waliopima kitendo hicho wamebaini kwamba misuli peke yake haiwezi kuuzungusha mkono kwa wepesi ule, na kwamba siri yake ni ya kale kuliko mchezo wenyewe.

Mwaka 2013, Neil Roach na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti juu ya vijana wa vyuo, wengi wao wachezaji wa besiboli, ambao miendo ya viungo vyao ilipimwa kwa kamera walipokuwa wakirusha. Ilidhihirika kwamba mrushaji avutapo mkono nyuma, kano za bega hunyooka na kuweka nguvu, kisha huiachilia kwa ghafula kama mpira wa manati. Na kiuno kirefu chenye kugeuka hukuza nguvu hiyo. Sokwe, pamoja na uhodari wake wote wa kukwea, hurusha kwa kilomita 30 tu kwa saa, yaani theluthi ya mwendo wa mtoto wa miaka 12 aliyefunzwa. Kwa rai ya watafiti hao, maumbile yote ya kurushia yalikutana kwa mara ya kwanza katika Homo erectus, mhenga wa kale wa binadamu, takriban miaka milioni 2 iliyopita. Na mabaki mashuhuri ya kiumbe huyo yaligunduliwa mwaka 1984 na Mkenya Kamoya Kimeu, huko Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana. Basi mtoto wa Batsinda, katika wilaya ya Gasabo mjini Kigali, arushapo jiwe kuangua parachichi, hutumia mali ile ile itumiwayo na bingwa wa Marekani.

Walakini mali hiyo ina mpaka. Mwindaji wa kale hakuwa na haja ya kurusha kwa nguvu zake zote mara mia kwa siku moja, ilhali mrushaji wa leo huenda akafanya hivyo katika mchezo mmoja. Na mzigo huo huuangukia ukano mfupi ulio upande wa ndani wa kiwiko. Mwaka 1974 ukano huo ulimkatika Tommy John, mrushaji wa timu ya Los Angeles Dodgers, na katika zama zile jeraha kama hilo lilikuwa mwisho wa kazi. Tabibu Frank Jobe akatoa ukano katika mkono wa kulia wa John, akatoboa mifupa ya kiwiko cha kushoto na kuupandikiza humo. John alikaa nje ya uwanja msimu mzima wa 1975, akarejea 1976, akaendelea kurusha hadi 1989, akiwa na umri wa miaka 46. Na katika ushindi wake 288, 164 aliupata baada ya kupasuliwa. Upasuaji huo hadi leo huitwa kwa jina lake. Lakini tiba, hata ikiwa ya ajabu namna gani, haishiki mahali pa kinga.

Jambo hili latuhusu sisi pia. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya Little League, ligi ya besiboli ya watoto, kule Williamsport, Marekani, na mwaka 2023 Mganda David Matoma, mrushaji, alitia saini na timu ya Marekani ya Pittsburgh Pirates. Tamaa ya vijana wetu itazidi, na ni haki yao. Nasi wajibu wetu ni kuilinda. Tangu 2007 Little League imeweka sheria ya kuhesabu: mtoto wa miaka 11 au 12 asizidishe mirusho 85 kwa siku, naye akifikisha 66 apumzike siku nne. Sheria hiyo haihitaji mashine wala hospitali. Yahitaji kalamu, karatasi, na mwalimu mwenye moyo wa kumwambia mtoto hodari, anayeomba kuendelea, kwamba kwa leo imetosha. Akiba haiozi, na kila mwalimu atakayeanza kufunza mchezo huu Kigali aanze na hesabu hiyo, kabla ya kufunza kasi.