Vijenzi vya Kurudia katika Usanifu wa Majengo kwa Kompyuta

Ukifika stesheni ya TAZARA pale Tunduma, angalia mataruma ya zege yaliyolala chini ya reli. Njia hiyo, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ina urefu wa km 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Hakuna aliyekaa kuchora kila taruma. Lilichorwa moja, ikatengenezwa kalibu, mengine yakafuata. Kwa kuwa mahali pa kufungia reli hapabadiliki, upana wa njia ni mm 1,067 Tunduma kama ulivyo Dar es Salaam.

Kijenzi cha kurudia ni kipande chenye umbo na vipimo maalumu, kinachotumika mara nyingi katika kazi moja kwa kufuata kanuni. Watahiniwa wengi husahau maneno matatu ya mwisho, na hapo alama hupotea. Bila kanuni, kompyuta haina cha kurudia.

Chukua tofali la kufungamana lililohimizwa na NHBRA, wakala wa taifa wa utafiti wa nyumba bora: urefu sm 30, upana sm 15, kimo sm 10. Ukuta wako una urefu wa m 6 na kimo cha m 2.4. Kila kozi ina matofali 600 ÷ 30 = 20, na kozi ni 240 ÷ 10 = 24. Jumla 20 × 24 = 480. Mlango wa m 0.9 kwa m 2.1 unaondoa 3 × 21 = 63. Yanabaki 417.

Kwenye programu ya usanifu unachora tofali mara moja tu, kisha unatoa kanuni: rudia kila sm 30 kwa urefu, kila sm 10 kwa kimo, na kozi ya pili isogee sm 15 ili viungo visifuatane. Ukibadilisha m 6 kuwa m 7.5, ukuta hujipanga upya: 25 × 24 = 600. Ukiandika m 6.1, kila kozi itabakiza sm 10, na fundi atakata matofali kozi zote 24. Binafsi ningeuliza kwanza kama m 6 haitoshi.

Baada ya mchoro, faili huenda kwenye mashine ya kukata chuma inayoongozwa na kompyuta. Usiandike kwamba mashine hiyo hutengeneza matofali 480. Hutengeneza kalibu, na kalibu ndiyo huzaa matofali. Kwa hiyo kosa nalo huzaana: kalibu ikizidi mm 1 kwa urefu, kozi ya matofali 20 huzidi mm 20, na kona hazikutani. Kwa matofali ya kuchoma, mota ingeficha kosa hilo. Haya ya kufungamana hupangwa bila mota kati ya kozi, hivyo hakuna pa kulificha. (Kimo nacho hutegemea kiasi cha udongo unaotiwa kwenye mashine ya kufyatulia, fundi makini hupima kwa kopo lilelile.)

Swali: Ukuta wa m 4.5 kwa kimo cha m 3 una dirisha la upana wa m 1.2 na kimo cha m 1. Tafuta idadi ya matofali hayo ya kufungamana.

Jibu: (15 × 30) − (4 × 10) = 410.