Kifusi Kipimwe Kabla ya Kumwagwa

Mwaka 2017 mamia ya nyumba zilibomolewa kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, kupisha upanuzi wa barabara hiyo. Ubomoaji, mkubwa kwa mdogo, hauishi Dar es Salaam, na kifusi chake huishia kujaza mabonde, viwanja vyenye maji na mashimo ya mitaani. Wakati huohuo malori hubeba kokoto kutoka Lugoba, zaidi ya kilomita 100, kujengea jiji hilohilo. Kifusi kinatumika, tena sana. Kinachoniuma ni kwamba kinamwagwa bila kuchambuliwa wala kupimwa, na zege zuri linazikwa bondeni pamoja na takataka.

Zege likipondwa, nondo zikatolewa na vipande vikachekechwa, kokoto za awali hurudi zikiwa bado na ganda la saruji kuukuu. Ganda hilo ndilo chanzo cha lawama nyingi. Lina vinyweleo, hivyo kokoto hizi hunyonya maji mara kadhaa zaidi kuliko zile za mwambani, na husagika upesi zaidi. Lakini zikitumika chini ya barabara, unyonyaji unadhibitika kwa kuzilowesha kabla ya kushindilia. Tena mzigo wa gurudumu hutawanyika kadiri unavyoshuka, ndiyo maana kila tabaka lina daraja lake. Mwongozo wa Tanzania wa mwaka 1999 wa usanifu wa tabaka za barabara unatambua daraja G45 kwa tabaka lililo chini ya msingi: nyenzo ikishalowekwa siku 4, uwezo wake wa kubeba mzigo usipungue asilimia 45 ya ule wa mawe bora yaliyopondwa. Zege safi lililopangwa ukubwa vizuri linaweza kuvuka kiwango hicho. Zaidi ya hayo, chembe za saruji ambazo hazikupata maji hapo mwanzo huganda zikilowa, na tabaka huongezeka ugumu.

Pingamizi zito ni la uchafu, na hapo wanaopinga wana hoja. Kifusi chetu kingi ni tofali za saruji zilizofyatuliwa kwa mchanganyiko hafifu, ambazo rola huzigeuza vumbi. Jasi ya dari ina salfeti inayoweza kuvimbisha tabaka hadi lami ipasuke. Mapaa ya asbesto hayapaswi kupondwa kabisa, kwa kuwa nyuzi zake husababisha saratani. Uholanzi, ambako sehemu kubwa ya kifusi huingia chini ya barabara, dawa huanzia kwenye ubomoaji wenyewe: dari, mbao na paa hutangulia kutoka, zege hufuata peke yake. Kwetu kazi hiyo tayari inafanyika nusu. Bati, milango, madirisha na nondo hung'olewa kwa uangalifu kwa sababu vina wanunuzi, zege halina.

Mnunuzi wa zege anaweza kuwa barabara za mitaa zilizo chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), zenye magari mazito machache. Zabuni ziruhusu zege lililopondwa kwenye tabaka za chini, kwa sharti kwamba kila shehena ipimwe maabara, na lisitumike karibu na visima, maana maji yanayolipitia hutoka na ukali wa chokaa. Mji mdogo wenye machimbo jirani hauna haja ya kununua mtambo wa kupondea. Dar es Salaam, inayobomoa kila wiki na kuagiza kokoto kutoka mbali, inayo.