Je, Wajua? Umeme wa Kuchangia

Je, wajua kwamba wapangaji wanaochangia mita moja ya LUKU huenda wanalipa karibu mara tatu ya bei waliyostahili? Kwa bei za TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, zilizoanza Aprili 2016, kaya yenye matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti. Ikizoea kuzidi hapo, huhamishiwa kundi la shilingi 292. Haya, piga hesabu: vyumba vinne, kila kimoja uniti 40. Kila mtu na mita yake, jumla ni shilingi 16,000 kabla ya kodi. Wakichangia mita moja, uniti zilezile 160 zinafika 46,720. Na hapo hamjaanza kuulizana nani kapiga pasi.

Je, wajua kwamba mita ndogo za kila chumba hutuliza ugomvi lakini haziteremshi bei? TANESCO bado inamwona mteja mmoja.

Je, wajua kwamba Mpeketoni, kule Lamu, Kenya, wakazi waliendesha umeme wao wa jenereta za dizeli tangu 1994, hadi kampuni ya umeme ya taifa, KPLC, ilipoingia 2007? Utafiti uliochapishwa 2009 ulionyesha kuwa mafundi seremala na washonaji waliopata umeme huo walizalisha mara mbili hadi tatu ya awali kwa kila mfanyakazi. Kipato, hata hivyo, kilipanda kwa asilimia 20 hadi 70 tu. Si ajabu: vitanda vikijaa sokoni, mnunuzi ndiye anayepanga bei.

Je, wajua kwamba mmoja wa wateja wazuri wa umeme wa jua kijijini ni mwenye mashine ya kusaga? Anakula umeme mchana, moja kwa moja kutoka kwenye paneli. Taa za usiku zinategemea betri, na betri ndiyo ghali.

Je, wajua kwamba nchini Bangladesh, kampuni ya SOLshare huunganisha nyumba zenye sola ili betri ya mmoja ikijaa, amuuzie jirani umeme wa ziada badala ya kuupoteza?

Je, wajua kwamba Aprili 2016, majirani wa President Street, Brooklyn, New York, waliuziana umeme wa jua wa mapaa yao, ilhali hakuna aliyejua umeme upi ulitoka kwa nani? Ndani ya waya umeme hauna mwenyewe; kilichohama kutoka nyumba hadi nyumba ni hesabu.