Mashairi Yakihama Nyumba, ni Nani Ayahesabuye?

Watu wa pwani si wageni wa kuhama. Twajua kuhama kwa msimu, twajua kuhama kwa sababu mwenye nyumba ameuza, na twaujua ule mkokoteni uliojazwa makabati, magodoro na masufuria, hamali akisukuma na mama wa nyumba akifuata nyuma huku akihesabu. Kisichohesabiwa ndicho kitakachotafutwa mwezi ujao. Leo, msomaji mpenzi, ningependa tuzungumze juu ya uhamaji wa namna nyingine, usio na hamali wala mkokoteni, nao ni kuhamisha yale tuliyoyaweka katika seva.

Seva, kwa yule ambaye hajapata kuijali, ni kompyuta kama kompyuta nyingine, ila kazi yake ni kukaa macho usiku na mchana katika jumba lenye baridi na umeme usiokatika, ikingoja kuulizwa. Ukitaka utenzi hukupa utenzi, ukitaka sauti hukupa sauti. Mara nyingi jumba hilo haliko hapa kwetu. Swali lako hutoka Mombasa likapita katika nyaya zilizolazwa chini ya bahari, kama ule waya wa TEAMS uliofika Mombasa mwaka 2009 ukitokea Fujairah, na kwa kufumba na kufumbua jibu limerudi. Kwa sababu ya wepesi huo, watu hudhani vitu hivi vimo hewani. Havimo hewani hata kidogo. Vimo ndani ya chuma, chuma kina mwenyewe, na mwenyewe hutaka kodi.

Basi sababu za kuhama ni zile zile za nyumba. Mtambo huzeeka baada ya miaka michache. Kodi hupanda. Au mwenye jumba huuza biashara yake, na mnunuzi akawa hana haja na wapangaji wadogo wadogo.

Tazama yaliyowapata wenzetu. Kulikuwa na mtambo mashuhuri wa Marekani uitwao Myspace, ulioanza mwaka 2003, ambamo wanamuziki wa dunia nzima, hasa vijana wasio na kampuni ya kuwatolea sahani, waliweka nyimbo zao. Mwezi wa Machi 2019 wenyewe walikiri kwamba katika kazi ya kuhamisha seva, nyimbo na picha zilizowekwa zaidi ya miaka mitatu nyuma huenda zisipatikane tena. Ilikisiwa kuwa zilipotea nyimbo zaidi ya milioni 50 za wanamuziki wapatao milioni 14. Mwezi uliofuata zikaonekana nyimbo 490,000 ambazo wataalamu fulani walikuwa wamezinakili zamani kwa ajili ya utafiti wao, zikawekwa katika ile maktaba ya Internet Archive ya San Francisco. Piga hesabu mwenyewe: haifiki hata moja katika kila mia. Wala hapakuwa na vita wala moto. Walikuwa wakihama tu.

Jambo hili lanigusa. Kwa zaidi ya miaka kumi mimi na wapenzi wenzangu wa ushairi, wengine wako Mombasa na Lamu, wengine Unguja, mmoja Maskati, na wengine katika baridi ya Uingereza na Kanada, tumekuwa tukiweka tungo zetu pamoja katika seva ya kukodi huko Ulaya. Mmoja hutia shairi, mwingine akalijibu kwa vina vile vile, wa tatu akaingia kuamua. Mwaka jana tukaletewa ilani: mtambo utazimwa baada ya siku 30.

Mle ndani mlikuwa na majibizano ya wazee wawili juu ya suala la nani mwenye taabu zaidi, nahodha aliye baharini au mke anayemngoja nyumbani. Mmoja alimtetea nahodha, mwingine akasimama na mke. Walijibizana Ramadhani nzima, kila usiku baada ya tarawehe, na sisi wengine tukawa hatulali mpaka tusome. Yule mtetezi wa mke amekwisha kufariki, Mungu amrehemu. Hakuwa mtu wa karatasi. Alikuwa akitunga kichwani na kuandika moja kwa moja kwa simu. Binti yake aliposikia habari ya ilani alinipigia. "Ami," akaniambia, "sauti ya baba ninayo kidogo tu, lakini maneno yake yote yamo humo."

Kazi tulimpa kijana mmoja fundi, mtoto wa hapa hapa mjini. Siku ya tatu akaja na bashasha: "Ami, tungo zote zimefika, wala haikupotea hata moja." Na kweli, zilipohesabiwa za kule na za huku, idadi ilikuwa sawasawa. Lakini nilipofungua yale majibizano, mke wa nahodha alikuwa akijibu lawama ambazo nahodha hajazitoa, na shairi la kufunga limekaa katikati. Ikawa tungo zote zimeandikwa tarehe moja. Mtambo mpya ulizipa siku ya kuingia kwake, si siku ya kutungwa kwake, kama mwanagenzi aliyeokota karatasi za kitabu kilichofunguka uzi akazipanga apendavyo.

Hapa ndipo nilipowakumbuka waandishi wetu wa kale. Siyu ilikuwa na sifa ya kunakili misahafu, na Lamu na Pate zilikuwa na mafundi wa miswada. Mwandishi wa miswada alikuwa na desturi ya kuandika, chini ya ukurasa mmoja, neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Kitabu kikifunguka, msomaji hutafuta neno lile, na karatasi zikarudi mahali pake. Mtambo nao una kitu kama hicho: kila utungo hubeba namba yake na namba ya ule unaoujibu. Kumbe namba zile katika seva ya zamani zilikuwako, ila hazikupakiwa mkokotenini. Ilibidi kazi ianzwe upya, na kwa bahati nyumba ya zamani ilikuwa bado haijavunjwa.

Mara ya pili tukaingia katika balaa la herufi, na hapa naomba msomaji anistahamilie kidogo, maana jambo hili latuhusu sisi kuliko Wazungu. Kompyuta haijui herufi. Yajua namba tu. Zamani kila herufi ilipewa nafasi moja katika orodha ya nafasi 256, ambazo ziliwatosha watu wa Ulaya Magharibi na lugha zao. Kiarabu kilikuwa na orodha yake mbali, Kihindi yake mbali. Kitabu cha orodha moja kikisomwa kwa orodha nyingine, hutoka upuuzi. Mwaka 1991 ilitolewa orodha moja ya herufi za ulimwengu iitwayo Unicode, na mwaka 1992 mabwana wawili, Ken Thompson na Rob Pike, wakabuni njia ya kuihifadhi inayotumika zaidi leo, ambayo inasemekana waliichora juu ya karatasi ya kuwekea sahani katika mkahawa wa New Jersey.

Kiswahili cha herufi za Kirumi hakina taabu nyingi, maana hakina nukta wala vikofia. Mwiba wake ni mmoja tu: ile alama ndogo katika ng'ombe, ng'ambo na kung'ara. Ikiwa imeandikwa kwa umbo lake la kupinda, basi baada ya kuhama hugeuka alama tatu za ajabu, ya kwanza ikiwa ni a iliyovaa kofia. Ubeti mzima uliojaa nyota zinazong'ara ulikuwa kama umemwagiwa wino. Hilo latibika. Namba zimo vile vile. Zimesomwa vibaya tu, na fundi akizielekeza kwenye orodha ya sawa herufi hurudi.

Lakini wako wazee wetu ambao mpaka leo huandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, pamoja na herufi za p, ch, g na v ambazo Kiarabu chenyewe hakina, na ambazo wataalamu wetu kama marehemu Sheikh Yahya Ali Omar walizishughulikia sana. Tungo hizo zilifika nyumba mpya zikiwa alama za kuuliza. Mstari mzima, alama za kuuliza tupu! Hili si kama lile la kwanza. Mtambo unapotakiwa kutia herufi katika orodha isiyokuwa na nafasi yake, huiacha herufi na kuweka alama ile mahali pake, na kilichoachwa hakimo tena katika nakala ile. Ushenzi unaosomeka ovyo una dawa. Alama ya kuuliza haina, ila kurudi kwenye asili. Kama seva ya zamani ingalikwisha kuzimwa, tungalibaki na mizani bila maneno.

Tangu hapo tukakata shauri kwamba hakuna kitakachoitwa kimefika mpaka kifanyiwe mukabala. Wanaosoma elimu za dini walijua neno hili kabla ya kompyuta: nakala husomwa kando ya asili, neno kwa neno, na pale walipokomea hutiwa pambizoni neno la Kiarabu lenye maana kwamba wamefikia hapo. Mitambo ina mukabala wake. Fundi huusomesha mtambo utungo mzima nao ukatoa namba moja inayotokana na maneno yote. Ikibadilika nukta moja, namba hubadilika. Namba ya kule na ya huku zikilingana, kimefika kama kilivyotoka. Hata hivyo tuliwaomba wazee watatu wasome kwa macho yao zile za herufi za Kiarabu, maana namba hujua kulinganisha tu, haijui kama asili yenyewe ilikuwa imekwisha kuharibika.

Palibaki anwani. Watu huja kwa jina, si kwa namba ya mtambo, na jina huandikwa katika daftari zilizotapakaa duniani. Ukihama, daftari hizo hazibadiliki zote mara moja. Nyingine hushika namba ya zamani kwa muda wa saa kadhaa, hata siku moja au mbili. Katika muda huo mtu wa Maskati huenda akaingia nyumba mpya na wa Toronto akabisha hodi ya zamani, akaacha shairi ambalo hakuna atakayeliona. Dawa ni kufunga kuandika na kuacha kusoma. Ndivyo wafanyavyo wakubwa. Wikipedia ilihamisha kazi zake kutoka Tampa, Florida, hadi Ashburn, Virginia, mwezi wa Januari 2013, na siku hizi huhamisha kwa makusudi kati ya Virginia na Texas kama zoezi. Kwa dakika chache watu husoma lakini hawawezi kuandika, kisha mlango hufunguliwa. Sisi tulifunga siku mbili, na malalamiko niliyoyapokea kutoka kwa washairi wenye majibu ya moto mkononi yangalitosha kuwa diwani.

Majibizano ya nahodha na mke sasa yamo nyumba mpya, kwa mpango wake, toka lawama ya kwanza hadi suluhu. Nakala moja imo katika diski ndani ya kabati hapa Mombasa, nyingine iko kwa yule binti. Seva ya zamani tuliilipia mwezi mmoja zaidi ikakaa tupu, kwa hofu tu. Lililobaki ni lile jina, ambalo lazima lilipiwe kila mwaka, la sivyo mtu mwingine aweza kulichukua, na kila anwani iliyoandikwa katika barua na vitabu vya watu ikaishia kwa mgeni. Miaka yote hii lilikuwa likilipwa na mtu mmoja, kutoka mfukoni mwake, naye ana miaka 71. Mwezi huu tumeandikisha wawili wengine.