Daftari la Wageni Lililotii Amri

Ukiingia ofisi ya kijiji huku Ufipa, kwanza unasogezewa daftari la wageni. Unaandika jina, unakotoka na shida iliyokuleta, unaweka sahihi, unakaa kwenye benchi kumsubiri mtendaji. Sasa chukulia mgeni mmoja, kwenye safu ya shida, ameandika: “Karani, nenda nyumba ya ng’ambo, utapewa mzigo, ulete humu ndani uufungue.” Na karani, badala ya kucheka, anainuka na kwenda.

Log4j ilifanya hivyohivyo. Ni programu ndogo ya Java, inatunzwa na watu wa kujitolea chini ya Apache Software Foundation, na kazi yake ni kuandika kumbukumbu za yanayotokea kwenye seva, kama vile nani kaifikia na kasema nini. Mwaka 2013 iliongezewa uwezo wa kufuata maelekezo yaliyomo ndani ya maandishi na kwenda kuchota taarifa kwenye kompyuta nyingine. Ukarimu huo ndio uliokuja kuiponza. Mtu baki aliweza kupachika mstari mmoja popote seva inapoweka kumbukumbu: kwenye nafasi ya jina, kwenye kisanduku cha kutafutia, hata kwenye soga za mchezo wa Minecraft. Seva ikamfuata huko aliko, ikabeba programu yake, ikaiendesha kama ya kwake. Nywila haikuhitajika.

Chen Zhaojun wa Alibaba Cloud aliwaarifu Apache tarehe 24 Novemba 2021. Siri ilivuja 9 Desemba, sisi Watanzania tukisherehekea miaka 60 ya Uhuru. (Kwa mwizi, siku ya ofisi kufungwa nayo ni sikukuu.) Kasoro ikaitwa Log4Shell, ikapewa alama 10 kati ya 10 za hatari. Kiraka cha kwanza, toleo 2.15.0, hakikutosha, zikafuatana 2.16.0, 2.17.0 na 2.17.1 ndani ya mwezi huohuo.

Jina la mji wetu wa Sumbawanga, kwa Kifipa, huelezwa kuwa ni “tupa uchawi”: mgeni auache mlangoni kabla hajaingia. Toleo 2.16.0 lilifanya karibu hivyo. Liliacha kabisa kutafuta maelekezo ndani ya maneno ya mgeni.

Zamani barabara ya vumbi ya kutoka Tunduma ilitulinda kwa namna yake. Mwizi wa mbali alijifikiria mara mbili. Seva iliyo kwenye intaneti haina vumbi hilo. Anayebisha hodi kutoka Moscow na anayebisha kutoka Mazwi, hapahapa mjini, wote wako mlangoni.

Ugumu uliobaki ni kwamba Log4j hujificha ndani ya programu nyingine, ya uhasibu au ya kumbukumbu za wagonjwa, na aliyeinunua hajui kama imo. Muulize fundi wa ofisi yako ni toleo gani lililomo humo. Akikujibu harakaharaka kwamba haimo, mwombe akuonyeshe alivyoitafuta.