Nilitarajia raba, nikaletewa 'Mbu' wa vita

Unaweza kudhani ni mchezo wa watoto, lakini kijindege cha plastiki kilimnyima mwandishi wetu usingizi kwa miezi miwili, na mwisho kikamfikisha Mahakama Kuu ya Dar es Salaam

Mpenzi msomaji, kama una ndugu majuu, basi unaijua ile hali ya kuhesabu siku akishasema anakuja likizo. Dada yangu aliposema anakuja kutoka Uingereza, mimi nilimtumia saizi ya mguu mapema, namba 42, asije akasingizia kusahau. Kijiweni nikawatangazia washikaji kabisa kwamba wakae tayari, wataona raba ambazo hapa mjini hazijafika.

Siku ya siku mabegi yakafunguliwa. Mama kapata blanketi, mdogo wetu kapata saa, na mimi nikakabidhiwa boksi jepesi ambalo ukilitikisa linalia kachakacha kama lina njugu. Juu yake picha ya ndege ya vita yenye injini mbili. Ndani vipande vya plastiki ya kijivu vilivyoshikana kwenye fremu, stika za kulowesha majini, na karatasi ya maelekezo.

"Sasa dada, hiki ndiyo nini?"

"Ndege. Unaijenga mwenyewe. Si wewe uliyekuwa unatengeneza vigari vya waya mpaka watoto wa mtaa wa pili wanakuja kununua?"

Mama akacheka mpaka akajifuta machozi. "Wenzako umri huu wanaleta wachumba, wewe unaletewa mwanasesere!"

Basi bwana, boksi nikalisukumia uvunguni. Likakaa huko mpaka mvua za masika zilipoanza, umeme ukawa wa kukatikakatika, na mimi sina pa kwenda. Nikawasha mshumaa, nikalivuta.

MBU ASIYE NA BUNDUKI

Ndege yenyewe inaitwa Mosquito, yaani Mbu. Ilitengenezwa na kampuni ya de Havilland ya Uingereza, na ikaruka kwa mara ya kwanza tarehe 25 Novemba 1940, wakati Vita Kuu ya Pili imepamba moto. Zikaundwa 7,781 za aina mbalimbali. Hii yangu ni ile ya kudondosha mabomu, na hapo ndipo penye kituko: haina hata bunduki moja. Watu wawili tu ndani, injini mbili, na mbio. Ukimfukuza humpati, ndiyo ilikuwa silaha yake.

Kijindege changu ni cha kipimo cha moja kwa sabini na mbili. Maana yake ukipanga vijindege 72 kama hicho, bawa kwa bawa, ndiyo unapata upana wa ndege moja ya kweli. Ndege ya kweli ilikuwa na mita 16 na nusu kutoka ncha ya bawa moja hadi nyingine. Yangu ina sentimita 23, rula ya shule inaizidi. Mtu mzima kwa kipimo hicho ana urefu wa sentimita mbili na ushee, na kichwa chake kinalingana na punje ya mtama.

Usiku wa kwanza nikagundisha kiwiliwili kwa pupa, nikitumia ile gundi ya kukausha papo kwa papo inayouzwa madukani. Asubuhi nakuta kimepinda, na kioo cha chumba cha rubani nilichokuwa nimekiweka karibu kimeingia ukungu mweupe kama jicho lenye mtoto. Kumbe ile gundi ina mvuke, na mvuke wake ukikutana na plastiki angavu unaiharibu. Roho iliniuma, nisikufiche.

SEREMALA WA KEKO ATOA SOMO

Nikakibeba mpaka Keko kwa mzee mmoja seremala ambaye kabati la nyumbani kwetu ni kazi ya mikono yake. Nikamwamkia, nikampa mkasa.

"Mwanangu, gundi haitaki mtu mwenye haraka," akasema huku anakigeuzageuza. "Unapaka, unabana, unaondoka. Ukirudi kesho hujachelewa."

Nikamwambia, "Mzee, unajua ndege yenyewe ya kweli ilikuwa ya mbao?"

Akavua miwani. Alidhani namtania.

Lakini ndivyo ilivyokuwa, msomaji. Wakati wa vita alumini ilikuwa inagombewa, wakati mafundi wa samani walikuwepo tele. Kwa hiyo viwanda vya kabati na viti vikapewa kazi ya kuunda ndege. Walichukua plaiwudi nyembamba, katikati wakatia mbao ya balsa kutoka Ecuador, ambayo ni nyepesi kama boya, kisha plaiwudi nyingine juu. Tabaka hizo zikabanwa na gundi kwenye kalibu mpaka zikashika umbo.

Na sikia hili: kiwiliwili kiliundwa vipande viwili, upande wa kushoto na upande wa kulia. Nyaya na mabomba yakafungwa ndani kila upande ukiwa bado wazi, halafu pande mbili zikagundishwa pamoja. Yaani vilevile kama nilivyokuwa nafanya mimi mezani! Mzee alicheka, akaita vijana wake wawili waje waone.

Akauliza swali la kifundi: "Gundi gani?" Nikamjibu kwamba mwanzoni walitumia gundi inayotokana na maziwa, baadaye wakahamia ya kemikali inayohimili unyevu. Mwaka 1944 huko India ndege kadhaa za aina hiyo zilivunjika, na wachunguzi wakakuta viungo vya gundi visivyoshikana sawasawa. Watu walikufa. Mzee akatikisa kichwa. "Unaona? Kiungo kibaya hakisemi siku unapokigundisha. Kinasema siku mtu amekaa."

Maneno hayo niliondoka nayo. Nikabandua kiwiliwili polepole kwa wembe, nikanyoosha, nikapaka gundi maalumu ya plastiki niliyomwomba dada, nikabana kwa vibanio vya nguo, nikaenda zangu kulala.

USIPIGE MISTARI

Baada ya kuungana ndipo unakuja utundu wenyewe. Wapenzi wa kazi hizi hupenda kuchora mistari ya mabati na vichwa vya ribiti kwenye mwili wa ndege, kama vile unavyoona kwenye bodi la basi. Kwa ndege ya bati ni sawa. Lakini kwa Mbu ni kosa, maana mbao ile ilivikwa kitambaa na kupakwa rangi mpaka ikateleza. Ukiona Mbu amejaa ribiti ujue fundi hakuuliza. Mimi nilipiga msasa mwororo na maji mpaka ile alama ya kiungo mgongoni ikapotea. Siku tatu kwa kazi hiyo peke yake.

Mikanda ya viti nilikata kwenye karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Waya wa redio nilivuta kutoka kwenye fremu ya plastiki: unakiweka kipande juu ya mshumaa, kikilainika unakivuta taratibu kinakuwa uzi mwembamba kama unywele. Kioo kilichoingia ukungu nilikisugua na dawa ya meno na kitambaa laini siku mbili mfululizo, mpaka kikarudi kuona.

KITI CHA KULIA

Kwenye stika kulikuwa na herufi XD. Nikaingia intaneti kutafuta zina maana gani, nikaambiwa ni alama ya kikosi namba 139 cha jeshi la anga la Uingereza, kikosi kilichopewa jina la Jamaica kwa kuwa wananchi wa kisiwa hicho walichanga fedha za kununulia ndege. Nikaendelea kusoma majina ya waliokitumikia. Hapo ndipo nilipokutana na Ulric Cross.

Huyu alikuwa kijana mweusi wa Trinidad, aliyezaliwa mwaka 1917. Mwaka 1941 alijiunga na jeshi hilo, akafunzwa kazi ya kuongoza njia. Kwenye Mbu, rubani anakaa kushoto, mwongoza njia anakaa kulia kwake, nyuma kidogo, na ramani na penseli mapajani. Ni gizani, hakuna taa chini, na yeye ndiye wa kusema tupo wapi na tugeuke lini. Wakifika, anatambaa kwenda puani mwa ndege kulenga. Kikosi chao kilikuwa miongoni mwa vilivyotangulia kudondosha mienge ya rangi ili ndege za nyuma zijue pa kupiga. Cross alikwenda safari 80 za vita. Alipewa nishani mbili kubwa, DFC mwaka 1944 na DSO mwaka uliofuata.

Baada ya vita akasomea sheria. Na sasa shika kiti chako: kuanzia mwaka 1967 mpaka 1971 alikuwa hapahapa Dar es Salaam, Jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania, na pia alifundisha sheria Chuo Kikuu. Alifariki kwao mwaka 2013 akiwa na miaka 96.

Nikampigia rafiki yangu aliyesoma sheria Mlimani. "Unamjua Jaji Cross?"

"Cross? Jina lake lipo kwenye hukumu za zamani tulizokuwa tunasoma. Kwani vipi?"

"Nina ndege yake mezani."

Akadhani nimelewa.

RANGI YA NGOZI

Kwenye boksi mna watu wawili wadogo wa kukalisha ndani. Karatasi ya maelekezo inasema nyuso zipakwe 'rangi ya ngozi' na inakupa namba ya kikopo. Nikakitazama kikopo. Kumbe ngozi wanayoisema ni ya mzungu, waridi kama nguruwe mdogo.

Rubani nikampaka hiyo hiyo. Wa kiti cha kulia nikamkalia kitako. Nikachanganya nyekundu ya kutu, nyeusi kidogo na tone la njano, nikajaribu kwenye mgongo wa mkono wangu mwenyewe mpaka ikalingana. Halafu kwa ncha ya kijiti cha meno, pumzi nimeibana, nikampaka uso wake. Ni doa tu, msomaji. Lakini mkono ulinitetemeka kuliko kwenye kazi yote.

Washikaji walipokuja kuona, mmoja akauliza swali ambalo lilinikata maini: "Sasa ndege hii si ya kuua watu? Unaisifia nini?"

Sikuwa na jibu la haraka. Ni kweli. Mbu wa aina yangu tumbo lake lilivimbishwa ili limeze bomu moja la karibu kilo 1,800, na chini ya mabomu yale, Berlin na kwingineko, walikuwepo akina mama na watoto ambao hawakuanzisha vita. Ni kweli vilevile kwamba upande wa pili alikuwepo Hitler, ambaye kwake mtu wa rangi yangu na yako hakuwa mtu kamili, na ambaye hakuzuiliwa kwa barua. Cross alijitolea akijua hivyo. Kisha aliyeshika penseli gizani kuonyesha pa kupiga ndiye baadaye alishika kalamu mchana kuandika hukumu. Mimi siwezi kuvitenganisha.

Kwa hiyo milango ya tumbo sikuifunga. Maelekezo yanakuruhusu kuifunga, na ndege inapendeza zaidi ikifungwa. Nimeiacha wazi, na bomu linaonekana. Atakayeitazama aione yote.

UKITAKA KUANZA

Kama umevutiwa, usianze na ndege ya injini nne, utalia. Anza na ndogo. Kata vipande kwa kikata kucha au wembe, usivinyofoe kwa mkono. Paka rangi za ndani kabla hujaunganisha kiwiliwili, ukishafunga hakuna kurudi. Siku za mvua usipulizie rangi, unyevu wa Dar utakuachia ukungu mweupe juu yake. Na gundi ya papo kwa papo iweke mbali kabisa na vioo.

Mbu wangu sasa yuko juu ya kabati, lile lililotoka kwa mzee wa Keko. Mama siku hizi anamfuta vumbi mwenyewe, na wageni wakija ndiye wa kwanza kusema, "Huyo wa kulia alikuwa jaji hapa kwetu." Yule rafiki yangu mwanasheria alikuja Jumapili, akamulika tochi ya simu ndani ya kioo, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akaniuliza kama naweza kumtengenezea na yeye.

Nimemwambia alete boksi. Na raba namba 42.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.