Kuangalia DVD kwenye Linux: kwa nini inagoma, na ufanye nini

Leo tuongelee kitu kinachowasumbua wengi walioanza kutumia Ubuntu na ndugu zake. Unaweka DVD ya muvi, mashine inaunguruma kidogo, halafu ama kimya, ama picha inatoka vipande vipande vya kijani na waridi. Mshkaji wa mashine ya pili anacheka: "Si nilikwambia Linux ni ya maprofesa?" Hapana bwana. Linux inacheza DVD vizuri tu. Ila kuna kipande kimoja kimeachwa nje kwa makusudi, na sababu yake ni ya wanasheria, sio ya mafundi.

Swali hili limepata uhai mpya tangu Oktoba 2025, Microsoft walipoacha kuitunza Windows 10. Kompyuta nyingi za mitumba haziwezi kubeba Windows 11, kwa hiyo watu wanazipa Linux ziendelee kufanya kazi. Na hizo hizo ndizo bado zina mlango wa DVD, wakati laptop mpya karibu zote hazina tena.

Kwanza ijue diski uliyoshika mkononi, maana sio zote zinagoma kwa sababu moja. VCD, zile za zamani ambazo muvi moja inakuja na sidii mbili, hazina kufuli lolote. Picha yake ni ndogo, nukta 352 kwa 288, na sidii moja inabeba kama dakika 74 hivi. Ndio maana muvi inakatika katikati, unainuka kuweka ya pili. Kuna diski za mtaani zenye muvi nyingi ndani ya moja, au zenye mafaili ya kawaida, kama nyingi za muvi zilizotafsiriwa. Hizo nazo kwa kawaida hazina kufuli. Zote hizi VLC inazicheza bila kukuuliza kitu.

Inayogoma ni DVD halisi, ile iliyotoka kiwandani na kununuliwa kwa hela nzuri. Ndiyo, umesoma sawasawa: aliyenunua halali ndiye anayesumbuliwa, na mwenye nakala ya kando ya barabara anaangalia muvi yake kwa raha zake. Sijawahi kuona kufuli la ajabu kama hili.

Kufuli lenyewe linaitwa CSS. Data ya muvi imevurugwa kwa ufunguo, na ni watengenezaji waliosaini mkataba na kulipia leseni tu waliopewa funguo za kuifungua. Sony na Panasonic hilo kwao sio tatizo. Lakini mfumo huria haumilikiwi na kampuni moja, kila mtu anaruhusiwa kuunakili na kuugawa, na msimbo wake uko wazi kila mtu ausome. Utasaini vipi mkataba wa kutunza siri halafu siri yenyewe uiweke hadharani? Haiwezekani. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa DVD na Linux hazikuelewana kabisa.

Oktoba 1999 mambo yakabadilika. Kijana wa Norway aitwaye Jon Lech Johansen, wakati huo ana miaka 15, pamoja na wenzake ambao majina yao hayakujulikana, alitoa kwenye intaneti programu iliyoitwa DeCSS. Ilifungua lile kufuli. Yenyewe ilikuwa ya Windows, ila Johansen alieleza kwamba lengo lilikuwa kupata njia ya kuchezea DVD kwenye Linux. Ufunguo wa CSS una biti 40 tu, na wataalamu walipouchungulia waliona udhaifu kiasi kwamba kompyuta ya kawaida ingeweza kuukisia.

Wenye muvi wa Hollywood walikuja juu. Januari 2000 polisi walifika nyumbani kwa akina Johansen. Marekani nako jarida la wadukuzi linaloitwa 2600 lilishtakiwa kwa kuiweka DeCSS kwenye tovuti yake, na likashindwa mahakamani mwaka huo huo wa 2000, kwa sababu sheria ya Marekani ya 1998 inakataza kuvunja kufuli la aina hii. Lakini Norway hadithi ilikuwa nyingine. Januari 2003 mahakama ya Oslo ilimwachia huru Johansen. Upande wa mashtaka ukakata rufaa, na Desemba 2003 akashinda tena. Mahakama iliona kwamba mtu aliyenunua DVD yake kihalali ana haki ya kuiangalia.

Sasa umeelewa kwa nini Ubuntu haikuletei kipande hicho ndani ya diski yake. Nchi moja inaruhusu, nyingine inakataza, wao wanasambaza dunia nzima. (Wakongwe wanakumbuka: hadi 2011 Ubuntu walikuwa wanakutumia sidii kwa posta bure, ukiomba tu.) Kulikuwa pia na jambo la pili. Picha ya DVD imebanwa kwa njia ya MPEG-2, ambayo ilikuwa na hataza na ada kwa kila nakala ya programu inayoifungua. Utalipaje ada kwa kila nakala ya kitu kinachonakiliwa bure? Hataza hizo za Marekani ziliisha 2018, kwa hiyo shida hiyo imepungua sana. Na kabla hujaicheka Linux, kumbuka Windows 8 nayo ilitoka 2012 bila uwezo wa kucheza DVD, kwa sababu hizo hizo za ada. Kwenye Windows 10 Microsoft waliuza programu ya kuchezea DVD kwa dola 14.99.

Dawa yenyewe ni maktaba ndogo ya programu iitwayo libdvdcss. Imetengenezwa na wale wale wa VLC, mradi ulioanzishwa na wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris, Ufaransa. Kwenye Ubuntu fungua terminali, hakikisha una bando, andika:

sudo apt install vlc libdvd-pkg

Ikimaliza, andika:

sudo dpkg-reconfigure libdvd-pkg

Ukiulizwa kitu, kubali. Hapo kompyuta itapakua msimbo kutoka kwa VLC na kuijenga maktaba hapo hapo kwako. Angalia, wenye mashine za kafe: kama vifaa vya kujengea programu havimo, vitapakuliwa navyo, kwa hiyo ni bando zaidi ya unavyotarajia. Ikikwambia kifurushi hakionekani, washa ghala la multiverse kwanza:

sudo add-apt-repository multiverse

Baada ya hapo weka DVD, kisha:

vlc dvd:///dev/sr0

Mara ya kwanza inaweza kuchelewa kidogo kabla picha haijatokea. Usiichomoe! libdvdcss ikikosa ufunguo kwa njia fupi, inaukokotoa yenyewe, kisha inauhifadhi ili siku nyingine muvi hiyo ifunguke haraka. Kwa VCD ni hivyo hivyo, ila unaandika vcd:///dev/sr0.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo mtu anaweza kuharibu kifaa. DVD zimegawiwa kwa kanda za dunia. Marekani na Kanada ni kanda ya 1. Ulaya, Afrika Kusini na Mashariki ya Kati, Oman ikiwemo, ni kanda ya 2. Sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda tumewekwa kanda ya 5 pamoja na India na Urusi. Kwa hiyo muvi aliyokuletea shangazi kutoka Muscat na ile aliyotuma kaka kutoka Houston hazitoki kanda moja, na hakuna hata moja iliyo ya kanda yako. Vifaa vya kusomea DVD vya kompyuta vilivyotengenezwa tangu 2000 vinabeba kanda ndani ya kifaa chenyewe, na unaruhusiwa kuibadilisha mara 5 tu. Ya tano ndiyo inabaki. Kupiga Windows upya hakusaidii, kuweka Linux hakusaidii, namba imeandikwa kwenye kifaa.

Ukitaka kujua chako kimebakiza ngapi:

sudo apt install regionset
sudo regionset /dev/sr0

Itakuonyesha kanda iliyopo na idadi iliyobaki, halafu itakuuliza kama unataka kubadilisha. Jibu hapana. Mara nyingi libdvdcss inaicheza diski ya kanda nyingine bila kugusa chochote. Kuna vifaa vinavyokataa kabisa, na hapo tu ndipo ufikirie kubadilisha. Kwenye mashine ya kafe inayotumiwa na watu hamsini kwa siku, mwenye duka asimpe kila mteja neno la siri la sudo. Kumi tu wakijaribu, kifaa kimekwisha.

Blu-ray ni habari nyingine, kufuli lake ni jingine na gumu zaidi. Tuiache.

Jambo la mwisho, na kwangu hili ni kubwa kuliko muvi zote. Angalia kabati la nyumbani. Kuna sidii za harusi ya wazazi, send-off ya dada, maziko ya babu, zote zilirekodiwa miaka ile na mpiga video wa mtaani. Hazina kufuli, ni mali ya familia, na zinazeeka. Rangi ya diski za kuchoma inafifia, mikwaruzo inaongezeka, na vifaa vya kuzisoma vinapotea. Ikiwa ni DVD, nakala yake unaitoa hivi, na hata iliyokwaruzika kidogo inajaribiwa kwa uvumilivu:

sudo apt install gddrescue
ddrescue -b 2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.log

Ikisimama njiani, ifute diski kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, rudia amri hiyo hiyo, itaendelea pale ilipoishia. Faili litakalotoka VLC inalicheza kama lilivyo. VCD hazinakiliki kwa njia hii kwa sababu zimeandikwa tofauti. Kwa hizo tafuta vcdxrip, iko ndani ya kifurushi cha vcdimager. Weka nakala mbili, moja kwenye diski ya nje na nyingine kwa ndugu wa mji mwingine.